Pua ya Shangazi Tangi

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiingia chumba cha anatomia siku ya kwanza, hulia. Usiwacheke. Wala si huzuni, ingawa wapo wanaopenda ionekane hivyo, hasa wale waliokwisha kupiga picha mlangoni na koti jeupe jipya. Wanalizwa na formalini, ile dawa ya kuhifadhia miili ya kujifunzia, dawa isiyo na adabu hata kidogo. Haibishi hodi. Inaingia machoni, inashuka kooni, inalala kwenye nywele mpaka kesho yake, na ukienda kula inaenda na wewe. Kijana ametoka kwao anaitwa daktari na mtaa mzima, dakika tano tu kamasi zimefika kidevuni.

Hapo ndipo anapotokea Shangazi Tangi na karatasi laini mkononi.

"Shika, mwanangu, pangusa. Huyo aliyelala hapo hang'ati. Hapa kinachong'ata ni mtihani."

Ushangazi alipewa na wanafunzi, hajui hata mwaka gani. Tangi ni kwa sababu ya matangi manne makubwa ya chuma yaliyopangwa nyuma ya chumba, ambayo funguo zake huning'inia kiunoni mwake kama za mwenye nyumba za kupanga. Yeye ndiye anayechanganya dawa, anayeipiga miili sindano kwa pampu, anayeigeuza isiote alama upande mmoja, anayeileta mezani asubuhi na kuirudisha mchana. Yeye ndiye anayebandika lebo kwenye chupa za mioyo na figo. Madaktari wanafundisha, wanapandishwa vyeo, wanahama. Shangazi yupo. Miaka ishirini na minne.

Na alianzia chini kabisa, akipiga deki korido ile ile. Fundi wa zamani, mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri na maneno machache, alimkuta siku moja anasoma lebo za chupa kwa sauti huku ufagio umeegemea ukuta. Badala ya kumfokea akamsahihisha matamshi. Kesho yake akampa glavu. Mzee huyo alikuwa anakunywa chai ya saa nne ameegemea tangi, kikombe juu ya mfuniko, na akiulizwa kama harufu haimsumbui alikuwa anajibu, "Formalini ni mama mkwe. Mwaka wa kwanza unalia, wa pili unanyamaza, wa tatu unamwita mama."

Alistaafu. Haikupita miaka miwili akapata uvimbe kooni na akafa. Msibani kila mtu alisema mzee alikuwa mchapakazi. Hakuna aliyesema ni dawa. Hakuna aliyesema si dawa.

Alichomwachia Shangazi, pamoja na funguo, ni pua. Alimfundisha kunusa kama wengine wanavyofundishwa kupiga gitaa. Kiungo kikianza kuharibika, pua inajua siku tatu kabla ya macho. Dawa ikipungua nguvu, pua inajua. Mwanafunzi akificha andazi mfukoni, pua inajua pia, na Shangazi alikuwa hana huruma na hao. Idara nzima ilimtambia. Alikuwa anasimama mlangoni, anavuta hewa mara moja, anasema, "Tangi la pili linataka kuongezwa," wanapima, kweli. Kuna mkuu wa idara aliyewahi kushindana naye akapoteza soda kreti nzima.

Sasa shida ya Shangazi Tangi ndiyo hii, na alikuwa hajamwambia mtu: pua hiyo ilikuwa imekufa.

Alijua siku maziwa yalipoungua. Alikuwa kakaa sebuleni kwake anajibu meseji za kikundi cha familia, kule ambako shemeji yake hutuma salamu za asubuhi zenye maua mpaka saa saba mchana, na jikoni sufuria ikageuka mkaa. Binti yake akaingia kutoka nje anakohoa. "Mama! Nyumba inaungua na wewe unacheka na simu?" Moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye pazia. Shangazi akasema alipitiwa na usingizi. Kisha akaingia bafuni, akafungua chupa ya dawa ya kufulia, akaivuta. Akachukua kitunguu. Akachukua sabuni. Akachukua yale manukato aliyoletewa zawadi na kuyaficha kwa ajili ya harusi. Hakuna kitu. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitunguu mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Kifua nacho kikaanza. Ngazi za ghorofa mbili zikawa za kupumzikia katikati. Daktari wa kifua, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, alimsikiliza mgongoni, akamuuliza anafanya kazi gani, akavua miwani.

"Mama, hiyo kazi unaipenda?"

"Ndiyo niliyo nayo."

"Sijakuuliza hivyo. Nakwambia hivi, ukiendelea kuvuta hewa hiyo miaka mingine mitano, utakuja hapa umebebwa. Ama wewe utoke humo, ama dawa hiyo itoke."

Atoke aende wapi? Yeye anajua kitu kimoja duniani, na anakijua vizuri.

Ndipo alipokuja mkuu mpya wa idara. Daktari huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, anatembea kama anayewahi ndege, na siku ya kwanza alipoingia chumba cha matangi machozi yalimtoka kama mwaka wa kwanza. Hakujipangusa kwa siri. Alisema, "Hapana. Hapana, hapana. Nyie mnaishi humu?"

Wiki ya pili akamwita Shangazi ofisini. Alikuwa amesoma kuhusu njia nyingine. Kuna wanaotumia maji ya chumvi kali kabisa. Kuna wanaonyonya maji yote mwilini na kuweka plastiki laini ndani yake, lakini mashine zake zinataka nyumba yao peke yao. Na kuna mchanganyiko wa spiriti na glisirini, na chumvi kidogo, usio na formalini hata tone. Viungo vinabaki laini, viwiko vinakunjika, nyama inabaki na rangi yake, si ile rangi ya kadibodi iliyonyeshewa. Na mtu anapumua.

"Tujaribu wiki kumi na mbili," Daktari alisema. "Chumba kidogo cha pembeni, chenye madirisha. Wiki ya nane kamati ya chuo ije ione. Wakiridhika, miili ya mwaka kesho yote inaingia kwenye dawa mpya, na formalini hatuagizi tena."

Shangazi alisikia kifua chake chenyewe kikisimama wima.

"Tutaanza lini?"

"Wewe tu. Ila sina mashine ya kupimia uharibifu. Tutatumia macho, vidole na pua." Daktari akatabasamu. "Na pua nimesikia tunayo. Wewe ndiye mashine yetu, Shangazi."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu, sisikii harufu, Daktari. Lakini akaona picha nzima: fundi mwenye kifua kibovu na pua iliyokufa, barua ya afya, keki ya kuagwa, saa ya ukutani ya zawadi, mwisho. Na jaribio lenyewe atapewa nani? Akasema, "Usijali, Daktari."

Wakaandaa matangi matatu ya plastiki. La kwanza, mioyo na figo za ng'ombe kutoka buchani. La pili, miguu ya mbuzi. La tatu, mkono wa mtu, kuanzia begani. Ulikuwa mkono wa mwalimu mmoja wa hesabu, mstaafu, aliyekuja mwenyewe akiwa hai kusaini fomu ya kutoa mwili wake. Shangazi anamkumbuka. Aliuliza kama wanafunzi watakuwa wasikivu. Mwili wake uliokuwa umebaki ulilala kwenye tangi la chuma, kwenye formalini. Mkono huu ndio uliotengwa kabla ya dawa yoyote, kwa ruhusa ya mwanawe, uwe wa kwanza kuonja dawa mpya.

Wanafunzi nao hawakuacha utani. "Shangazi, glisirini yote hiyo, mnatengeneza losheni?"

"Ndiyo, na wewe ngozi hiyo tutakuanza. Pita huku!"

Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa na karatasi ya kujaza. Safu nne: rangi, ulaini, ukungu, harufu. Rangi alitazama. Ulaini alibonyeza. Ukungu alitafuta kwa tochi, kona kwa kona, mpaka chini ya kwapa. Hizo tatu alijaza kwa uaminifu wa kiapo. Safu ya nne aliinama, akavuta hewa ndefu, kifua kikamwuma, akaandika: sawa.

Sawa. Sawa. Sawa. Kosa lenyewe halikuwa na kelele. Neno moja, mara mbili kwa wiki.

Na usimwone mjinga. Alijiambia kwamba kitu kikiharibika atakiona au atakigusa. Miaka ishirini na minne ya formalini ilikuwa imemfundisha hivyo, maana formalini inakausha na kukaza kila kitu kiwe kama soli ya kiatu. Ukikuta mahali pamelegea, hapo pana tatizo. Lakini dawa mpya ilisifiwa kwa ulaini. Daktari alikuwa anakuja, anakunja vidole vya ule mkono, anafurahi kama mtoto na mdoli. "Ona! Ona kifundo!" Basi kila wiki mkono ulipozidi kulainika, Shangazi aliandika "laini sana" na kuweka alama ya vema.

Jumanne ya wiki ya nane, Bwana Ufagio alichungulia mlangoni.

Bwana Ufagio ndiye mfagiaji wa jengo, na ni mtani wake wa miaka kumi na tano. Hawa wawili hawajawahi kusalimiana kistaarabu. Mara ngapi kamwambia chumba chake kinanuka? Mara ngapi kamkimbiza korido nzima, "Shangazi, moto, nasikia moshi!", na moshi hakuna? Siku moja alimwambia tangi la tatu linanuka mapenzi, akafukuzwa na koleo.

"Shangazi. Humu kuna panya amekufa."

"Vua viatu vyako kwanza, halafu tuhesabu maiti."

"Nakwambia kitu kinanuka."

"Ni masharubu yako. Yapo karibu na pua, ndiyo maana unasikia peke yako."

Alingoja kipigo cha kurudisha. Hakikuja. Bwana Ufagio alisimama, akaangalia tangi la tatu, akaangalia Shangazi, akasema, "Haya," akaondoka na ndoo yake. Hakucheka. Miaka kumi na tano, leo ndiyo siku anaondoka hajacheka.

Shangazi alifunga mlango. Akafunua tangi la tatu, akainama mpaka ncha ya pua ikagusa dawa, akavuta hewa mpaka kichwa kikazunguka akashika meza. Kimya. Pua yake ilikuwa kama redio isiyo na betri. Akabonyeza mkono karibu na bega. Kidole kikazama, na kilipotoka, shimo likabaki.

Alichukua kipande cha shashi, akakichovya, akakitia kwenye kichupa cha mfuniko wa kukaza, akakiweka ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya pochi.

Nyumbani binti yake alikuwa mezani na kompyuta, miguu juu ya kiti cha pili. Ana miaka ishirini na mmoja, anasoma ualimu, na ulimi ni wa mama yake.

"Binti, njoo unuse kitu."

"Umeninunulia pafyumu? Mama! Nani kafa?"

"Nusa."

Alifungua huku anachekelea, akakisogeza puani kwa madaha, kidole kidogo kimesimama kama mtu wa tangazo. Kisha kichupa kikagonga meza. Alirudi nyuma mpaka ukutani, kiganja mdomoni.

"Mama, hii nini? Funga! Funga hiyo!"

"Inanuka nini?"

"Inanuka nini, unaniuliza mimi? Imeoza! Umeleta kitu kimeoza mezani, mimi nimetoka kula..." Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye alikuwa amekishika kile kichupa wazi chini ya pua yake mwenyewe, ametulia, kama anayesubiri mtandao urudi.

"Mama."

"Mm."

"Wewe husikii?"

Shangazi alikaza mfuniko, taratibu, mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

"Tangu lini?"

"Tangu yale maziwa. Kabla ya hapo, labda."

"Miaka miwili?" Binti alikaa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Miaka miwili nakuuliza chakula kinanukiaje unaniambia kinanukia vizuri. Juzi nimekuuliza kama gesi inavuja, ukaniambia haivuji."

"Haikuwa inavuja."

"Ulijuaje?"

Shangazi akamweleza mengine yote. Daktari wa kifua. Jaribio. Kamati inakuja Ijumaa. Mkono ukionekana umeharibika, kamati itasema dawa mpya haifai, formalini itabaki, na yeye atabaki nayo. Wakijua kuhusu pua, hatabaki hata na hiyo.

"Kuna njia," alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Nikiongeza formalini kidogo kesho asubuhi kwenye tangi hilo. Vikombe vinne. Itakaza, itaua uvundo. Ijumaa wataona mkono safi. Watapitisha."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho formalini hakuna."

"Si ndiyo nauliza. Miili mizima itawekwa kwenye dawa ambayo wewe unajua imeozesha mkono. Na atakayeinusa ni nani, Mama? Ni wewe?"

Shangazi alimwambia binti akalale, ana kipindi asubuhi. Binti hakwenda kulala. Alikwenda jikoni, akafungua dirisha, akaangalia jiko la gesi muda mrefu.

Jumatano Shangazi alifika kabla ya walinzi kubadilishana. Alibeba dumu la formalini mpaka chumba kidogo, akapumzika mara mbili njiani, akaliweka miguuni. Kikombe cha kupimia kilikuwa tayari. Akafungua kifuniko, na macho yakamjaa machozi papo hapo, maana pua ilikufa lakini macho hayakupata habari. Akasimama pale, kikombe mkononi, analia kama mwaka wa kwanza, na hakuna wa kumpa karatasi.

Hakukuwa na mtu wa kumwona. Hilo ndilo alilokuwa analifikiri. Hakuna ambaye angejua, kamwe. Vikombe vinne na kifua chake kingepona. Akaangalia mkono. Mwanamume yule alikuwa ameuliza kama wanafunzi watakuwa wasikivu, na yeye, Shangazi, ndiye aliyemjibu. Alimwambia mwalimu, hapo utakuwa mikononi mwangu. Na sasa alikuwa anapanga kumpaka rangi juu ya uozo, kisha kuwapeleka wengine ishirini njia hiyo hiyo. Hata kabla hajafika kwenye dhambi, fundi aliyekuwa ndani yake alishaanza kubishana: kwa nini hili tangi tu? Figo ziko imara. Miguu ya mbuzi iko imara, au angalau kwa macho. Mkono ni mnene. Waliuchovya tu, hawakuupiga sindano, maana Daktari alitaka kuona dawa itapenya yenyewe. Haikupenya. Hii dawa inataka kusukumwa ndani kwa pampu, kwenye mishipa, kabla ya kulazwa. Lilikuwa jambo la kurekebishika, tena jepesi. Na akimwaga vikombe vinne, hakuna atakayelijua.

Akafunga dumu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka aliposikia viatu vya Daktari koridoni.

"Shangazi! Umewahi. Keshokutwa tunawaonyesha..." Daktari alisimama mlangoni. Uso ukajikunja. "Ni nini hiyo?"

"Ni tangi la tatu. Limeharibika."

"Tangu lini? Jumatatu umeandika sawa."

"Sijui tangu lini."

"Hujui vipi? Karatasi iko hapa." Daktari alikuwa ameshaifunua. "Jumatatu, sawa. Alhamisi, sawa. Jumatatu iliyopita, sawa."

"Daktari, mimi sisikii harufu. Ni miaka miwili sasa."

Daktari hakuelewa mara moja. Aliangalia karatasi, akaangalia Shangazi, akarudi kwenye karatasi, na kidole chake kikapanda ile safu kutoka chini mpaka juu, polepole, kila sawa moja moja.

"Zote?"

"Zote."

"Tangi la kwanza na la pili je?"

"Sijui."

"Wiki saba, Shangazi! Wiki saba nimekuwa nawaandikia watu barua kwa kutumia hii karatasi!" Alipunguza sauti, na ikawa mbaya zaidi. "Kwa nini hukuniambia siku ile? Ningeweka mtu mwingine. Ningenusa mwenyewe. Ni kuinama tu."

"Niliogopa utaniondoa."

Daktari alifungua mdomo, kisha akaufunga, na Shangazi akaelewa kwamba alikuwa karibu kusema asingemwondoa, na hakuwa na uhakika.

Walivaa glavu. Daktari alinusa matangi mawili ya kwanza, akasema yananuka spiriti tu, akaandika kwa mkono wake tarehe ya leo. Kisha wakautoa mkono na kuupasua karibu na bega. Juu, nyama ilikuwa nzuri, nyekundu, laini. Ndani, kando ya mfupa, ilikuwa ya kijani na imelegea kama tambi zilizolala majini.

"Haikufika ndani," Shangazi alisema. "Hii inataka sindano kwanza. Sehemu nene zote. Formalini ilitudekeza."

Daktari aliandika hilo pia. Hakusema asante.

Mchana walimpigia simu mtoto wa mwalimu, kwa sababu mkono sasa ungezikwa. Daktari ndiye aliyeongea, Shangazi ameketi pembeni. Simu ilikuwa na sauti kubwa. Yule mwanamume akauliza, "Na sehemu nyingine za Baba, ziko salama?"

"Ziko salama," Daktari alisema.

Salama ndani ya formalini. Wote wawili waliangalia meza.

Ijumaa kamati ilikuja, watu watano na barakoa tano. Daktari aliwaeleza yote, bila kumficha Shangazi na bila kumtetea. Mmoja wao, mzee mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, aliuliza kama basi si afadhali kubaki na dawa wanayoijua. Shangazi, ambaye hakuulizwa, akasema, "Mimi ndiye dawa mnayoijua. Nitazameni."

Hakuna aliyecheka, na hakuwa ametania.

Walitoka na uamuzi wa kamati, yaani nusu nusu. Jaribio halijafutwa, linaanza upya, wiki ya kwanza, safu ya harufu yote imepigwa mstari mwekundu. Miili ya mwaka kesho itaingia kwenye formalini kama kawaida. Shangazi haruhusiwi kuingia chumba cha matangi mpaka bodi ya afya imwone, na baada ya hapo ndiyo watajua kama atarudi. Ijumaa hiyo hiyo alivua funguo kiunoni na kumpa Daktari. Sketi ilimlegea upande.

Jumatatu alikuwa amekaa nje ya dirisha la chumba kidogo, kwenye korido ya wazi, na karatasi mpya mapajani. Ndani alikuwa Bwana Ufagio, koti jeupe limemkata mabegani, barakoa imening'inia sikio moja. Daktari alimteua kwa sababu ndiye aliyesikia mapema, na Shangazi hakuwa na la kupinga. Alikuwa ameshamweleza mambo yote mara tatu: fungua mfuniko, ngoja kidogo, nusa kwa kupepea na kiganja, usichomeke pua kama unakunywa.

"Tangi la kwanza," alisema.

"Linanuka kama mjomba wangu siku ya sikukuu."

"Nimekwambia hapa hakuna utani."

"Si utani, Shangazi. Ni spiriti. Na kitu kitamu kitamu hivi. Hakuna kibaya."

Akaandika. Mkono wake ulitaka kuandika sawa, wenyewe, kwa mazoea. Akauzuia, akaandika alivyoambiwa, neno kwa neno, bila mjomba.

"La pili."

"Hivyo hivyo. Spiriti."

"La tatu."

Humo sasa kulikuwa na paja la mbuzi, lililopigwa sindano Ijumaa jioni na Daktari mwenyewe, Shangazi akielekeza kutoka mlangoni: chini kidogo, hapo, sukuma taratibu. Alisikia mfuniko unafunguliwa. Alisikia Bwana Ufagio akivuta hewa. Kisha akavuta tena.

"Vipi?"

"Ngoja."

"Kuna nini?"

"Ngoja, bibi wewe, nanusa."

Alingoja. Kifua kilimbana, akakohoa ndani ya kiwiko, akarudisha kalamu kwenye safu ya nne, juu ya nafasi iliyo wazi.

"Sina uhakika," Bwana Ufagio alisema hatimaye kutoka ndani, na sauti yake haikuwa na mchezo wowote. "Kwa kweli sina uhakika, Shangazi. Niandikie hivyo."

Akaandika hivyo.